Macho ya Dereva Wangu

Watanzania wenzangu wa hapa Minneapolis walipokuwa wakiniuliza mume wangu anafanya kazi gani, nilikuwa najibu "fundi magari," tunaendelea na pilau. Ukisema dereva wa mbio, wanaume wote mezani wanageuza shingo, na maswali hayaishi mpaka watoto wanalala kwenye makochi. Anakimbia kasi gani? Anaonekana kwenye televisheni? Ashawahi kupata ajali? Ashawahi kupata ajali, jamani! Muulize mpishi kama ashawahi kuungua. Na mimi hapo nimetoka shifti, miguu imevimba, nataka kula ubwabwa wangu kwa amani.

Basi leo nasema yote, maana nimechoka kuyasema nusu nusu.

Mume wangu ni Mmarekani, mzungu wa hapa hapa, mzaliwa wa Savage, upande ule wa viwanda karibu na mto. Alianza kuendesha magari ya mbio kabla sheria haijamruhusu kuendesha gari la kawaida barabarani. Magari yenyewe yanafanana na haya ya kununua dukani, lakini ukichungulia ndani hakuna kitu: kiti kimoja, mabomba ya chuma yaliyoungwa kama kizimba, na usukani unaochomoka. Hata taa hayana. Zile unazoziona mbele ni stika. Siku ya kwanza kuzigusa nilimwambia, "Yaani wewe unajisifu na gari ambalo taa zake ni za kuchora?" Alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizo alikuwa bado anacheka hivyo.

Kabla sijamjua alikuwa ameshafika mbali. Alishinda viwanja vyote vidogo vya huku, akaenda majimbo ya kusini, akapata timu ya malori. Wao wanayaita malori, ila ni pikapu tu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbio. Akakimbia nayo misimu kadhaa mbele ya nchi nzima, na mara moja alishinda. Mara moja. Nimeusikia ushindi ule hadithi nzima, kona kwa kona, nikiwa nakata vitunguu, nikiwa nakunja nguo, nikiwa na uchungu wa kuzaa. Kisha kampuni iliyobandika jina lake ubavuni mwa pikapu ikabadilisha mawazo, na kampuni ikiondoka, kiti kinaondoka nayo. Akarudi Minnesota na trela lake, akawa anakimbia tena kwenye viwanja vile vile alivyoanzia.

Nilikutana naye Saint Paul nikiwa mwanafunzi wa unesi. Aliletwa kliniki mfupa wa bega umevunjika. Nikamwambia "pole" kwa Kiswahili, imenitoka tu, maana nilikuwa nimechoka na Kiingereza kilikuwa kimeniishia. Akauliza maana yake. Nikamweleza. Akasema tangu azaliwe hajawahi kupewa pole na mtu ambaye hajamuuliza kwanza alimaliza wa ngapi.

Nikaolewa. Mama yangu kule Tanga aliuliza kwenye simu, "Anafanya kazi gani?" Nikasema fundi magari. Mnaona nilianza zamani.

Maisha ya mke wa dereva wa mbio ni hivi: wiki nzima uko wodini, Jumamosi uko uwanjani, Jumapili unafua nguo zinazonuka mpira ulioungua. Wanawake wenzangu wanaofanya kazi kwenye maghala ya Shakopee walikuwa wananionea huruma, na wao ndio wanaosimama siku nzima wakibeba maboksi! Wakati wa baridi gereji yetu ilikuwa na joto kuliko sebule, kwa sababu injini haitakiwi kupata baridi. Sisi binadamu tulivaa masweta. Sikununa. Ningenuna ningekuwa bado nimenuna mpaka leo. Nilikuwa nachukua chai yangu naenda kukaa gerejini na injini.

Sasa niwaeleze kazi yangu ya pili, maana bila hiyo hamtaelewa lolote.

Dereva wa mbio haoni. Helmeti imemfunga kichwa, kiti kimemkumbatia mpaka mashavuni, shingo haigeuki. Anaona mbele na kijioo cha nyuma, basi. Kwa hiyo kila dereva ana mtu wake juu ya paa la kibanda cha watangazaji, mwenye darubini na redio, anayemwambia masikioni: yuko ndani, yuko nje, umempita. Mtu huyo anaitwa spota. Sheria ya uwanja ni kali: bila spota juu, gari halikimbii. Pale juu kuna msimamizi mwenye koti la rangi ya machungwa, na kazi yake ni kuhakikisha kila redio ina mtu. Ukiondoka, hata kama umebanwa na haja ndogo, gari lako linaitwa ndani kwa bendera nyeusi. Ndiyo maana maspota hatunywi maji.

Spota wake wa maisha yote alikuwa kaka yake. Tangu utotoni, kule kusini, mpaka waliporudi huku, sauti ilikuwa ni hiyo hiyo moja. Kisha kaka mtu akafariki ghafla kwa moyo, asubuhi, akikoroga kahawa. Baada ya mazishi mume wangu alijaribu watu wengine wawili, akawafukuza wote. Mmoja anapiga kelele, alisema, mwingine anasinzia. Halafu akanigeukia mezani. "Wewe sauti yako haitetemeki hata mtu akifa mbele yako," akasema. Nikamwambia hilo silo jambo la kumwambia mke. Lakini nilikwenda.

Lo! Mbio zangu za kwanza. Nilipanda pale juu na adabu zangu zote za Tanga. Bendera ya kijani ikapepea, magari yakatoka kama siafu waliomwagiwa maji ya moto, nami nikabonyeza redio: "Habari za huko chini, mume wangu? Pole na joto. Samahani, naomba nikwambie, kuna gari la bluu..." Gari la bluu lilishamchuna ubavu kuanzia mlango mpaka tairi la nyuma. Yeye hakusikia hata rangi.

Aliporudi piti, pale mafundi wanapolisubiri gari, alivua helmeti, akaniangalia, akasema kwa upole sana, "Mama, salamu tutapeana nyumbani."

Wale mafundi wake walicheka mpaka machozi. Nilikasirika. Mtu haingii nyumba ya jirani bila hodi, nitaingiaje masikioni mwa mume wangu na neno moja kavu, kama namfukuza kuku? Lakini ndiyo kazi. Ilinichukua kiangazi kizima kuondoa samahani mdomoni. Spota wa jirani, mzee mmoja aliyekuwa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe, alikuwa akinisikia naanza "naomba..." ananigonga kiwiko. Mwisho nilizoea. Nilizoea kupita kiasi. Nikirudi nyumbani naongea hivyo hivyo: "Chumvi. Mlango. Viatu." Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kujibu kwa Kiingereza, alisema siku hizi naongea kama polisi wa barabarani.

Na nitasema ukweli, niliipenda. Si mbio. Mbio sijawahi kuzipenda, ni kelele na moshi. Nilipenda kwamba mwanamume yule kichwa ngumu, ambaye nyumbani haambiwi hata pa kuweka soksi, kule chini nikisema "kulia" anakwenda kulia. Haulizi. Hakuna mke mwingine Minnesota nzima aliyekuwa anasikilizwa kama mimi.

Halafu, masika fulani, akagonga ukuta wa uwanja mmoja kule Wisconsin.

Haikuwa ajali ya kutisha. Nimeona za kutisha. Gari liliteleza, likagonga kwa upande wa dereva, likasimama, akatoka mwenyewe akapunga mkono. Lakini mimi ni nesi, na miaka yote hii nimefanya kazi na watu waliogongwa vichwa, na wiki ile nyumbani nikaanza kuona mambo. Taa zinamuumiza. Namkuta gerejini mchana kweupe amekaa gizani, mikono magotini. Siku moja tunaelekea Burnsville, taa ikawaka kijani, naye akasimama. Katulia tu. Honi nyuma yetu zinalia, nikamgusa bega, akasema, "Nasubiri uniambie." Nikamwambia hatuko uwanjani, baba, nenda. Akacheka kidogo akaondoa gari. Mimi sikucheka.

Alimfokea binti yetu kwa kufunga kabati kwa nguvu, yeye ambaye hajawahi kumfokea hata paka. Aliniuliza asubuhi nina shifti gani, nikamjibu, akamimina chai, akauliza tena.

Nikampeleka kupimwa. Akafaulu. Lazima afaulu! Vipimo vile vya maneno na picha amevifanya mara nyingi mno, na madereva wanafundishana kabisa, namna ya kukariri, namna ya kujibu polepole mwanzo wa msimu ili baadaye wasionekane wameharibika. Alitoka pale ananikonyeza kama mwanafunzi aliyeibia mtihani. Nilitamani kumzaba kibao, kisha nikakumbuka ni kichwa hicho hicho.

Nikasema aache. Nilisema kwa upole, nilisema kwa ukali, nilisema kwa machozi. Akaniambia atamaliza msimu, basi. Mimi nikahesabu kwamba msimu una mwisho, nikajipa moyo.

Kisha simu ikapigwa kutoka kusini. Mwenye timu moja ya pikapu alikuwa anatafuta dereva mtu mzima kwa msimu ujao, mtu wa kuonyesha njia vijana wake. Alikuwa na safari ya kupita Minneapolis, na angependa kuja kumwona mume wangu akikimbia Jumamosi.

Sijawahi kuona mtu akibadilika hivyo. Alinyoosha mgongo. Aliosha gari kwa mikono yake, akalipiga nta. Akaniomba nimpigie pasi ovaroli lake la kuzuia moto. Nikamwambia hilo halipigwi pasi, akasema jaribu tu. Nikajaribu, Mungu anisamehe, kitambaa hakikukunjuka hata kidogo.

Ijumaa tuligombana jikoni. Nilimwambia, "Usipande gari hilo. Mimi naona unavyoumwa na wewe unajua naona." Akasema kichwa hakiumi. Nikasema sijauliza kama kinauma. Halafu akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu arudi kutoka kusini.

"Nikiacha mbio, mimi nani? Fundi wa matairi wa Savage?"

Nikasema, "Mume wangu. Haitoshi?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi. Nilichoka pale pale, uchovu wa ghafla, kama vile mtu amenipa mgonjwa mzito nimnyanyue peke yangu. Ningeweza kukataa kupanda juu. Lakini ningekataa, angempa redio kijana yeyote anayezurura piti, na kijana huyo angemwambia nini kichwa kikizima katikati ya kona? Bora niwe mimi. Ndivyo nilivyojiambia nikilala.

Jumamosi ikanyesha. Mvua ya kumwaga, uwanja ukawa bwawa, wakaahirisha mpaka Jumapili mchana. Nikashukuru Mungu. Nilidhani yule mwenye timu atapanda ndege yake aende zake. Thubutu! Akabadilisha safari. Jumapili nilimwona chini kwenye viti vya mbele, shati jeupe, miwani ya jua, amekunja nne kama yuko kwake.

Walianza vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Mume wangu aliendesha siku ile kama zamani. Mikono yake inajua kazi, haihitaji kichwa. Nilisema ndani, akashika nje. Nilisema wazi, akaingia. Akawapita vijana wawili kwenye kona ya tatu kwa namna ambayo hata mzee wa mbegu za alizeti alisahau kutema ganda. Nilimtazama yule wa shati jeupe, alikuwa ameondoa miwani.

Kisha gari mbele likapasuka tairi. Mume wangu akakwepa, akaguswa nyuma, akaenda kujibamiza ukutani kwa upande ule ule. Halikuwa bamizo kubwa. Bendera ya njano ikatoka, magari yote yakapunguza mwendo na kujipanga nyuma ya gari la kuongoza. Gari lake lilikuwa linatembea. Limepinda bodi, lakini linatembea. Nikabonyeza redio.

"Uko sawa?"

Sauti yake ikaja, tulivu kabisa: "Niko sawa. Nani yuko nyuma yangu, kaka?"

Nilidhani sijasikia. Nikamwambia, "Ni mimi."

"Najua. Nani yuko nyuma yangu, kaka?"

Nikamuuliza tuko wapi. Akacheka kidogo, kama mtu anayechoshwa na maswali ya nduguye, akataja jimbo la kusini. Akataja na pikapu. Akasema tairi za mbele zimechoka, lakini leo tunalichukua hili, kaka, leo tunalichukua. Alikuwa yuko kwenye ule ushindi wake. Amerudi kule peke yake, na mimi niko Minnesota juu ya paa na redio ya marehemu shemeji yangu mkononi.

Nikasema, "Ingia piti." Akasema gari liko sawa. Nikasema ingia, nakuomba. Hapo ndipo nilipojua nimechanganyikiwa, maana neno la kuomba lilikuwa limerudi. Akasema hapana, kwa upole, na akaendelea kuzunguka nyuma ya gari la kuongoza, akiyumbisha usukani kupasha tairi joto, vizuri tu, kama dereva yeyote mwenye akili timamu.

Nikamwendea msimamizi wa koti la machungwa. Nikamweleza: huyu ni mume wangu, mimi ni nesi, hajui yuko wapi, mtoeni. Akatazama uwanjani. Gari lilikuwa linakwenda kwenye mstari ulionyooka. Akasema, "Mama, redio yake inafanya kazi, gari lake linatembea, hajavunja sheria. Siwezi kumpiga bendera dereva kwa sababu mkewe ana wasiwasi. Akimaliza, daktari wa uwanja atamwangalia."

Akimaliza! Kule chini walikuwa wanazoa vipande vya mwisho vya tairi. Mizunguko michache tu, taa za juu ya gari la kuongoza zitazimwa, na wataachiwa. Na bamizo la tatu juu ya kichwa kile, mimi najua linavyokuwa. Nimewageuza watu hao kitandani kila saa mbili wasipate vidonda. Nimewalisha kwa mpira. Nimewaona wake zao wanavyokuja kila siku mwanzoni, halafu Jumapili tu.

Nikawaza: bendera ya kijani ikitoka nikiwa hapa, nitakuwa namsaidia kujiua, neno kwa neno, ndani, nje, wazi. Nikiondoka baada ya kijani, atakuwa kipofu katikati ya magari yanayokimbia. Kama ni kuondoka ni sasa, wakati wanatembea.

Mzee wa mbegu za alizeti alikuwa amesikia yote. Aliniona namna nilivyotazama ngazi. "Ukishuka," akasema polepole, "hupandi tena. Hakuna atakayekupa redio. Hata yeye." Najua, nikamwambia. Spota anaweza kukosea, anaweza kuzomewa, anaweza hata kusababisha ajali, na wiki ijayo yuko juu. Lakini spota hamwachi dereva wake ndani ya uwanja. Hilo halina msamaha kule, na sina ugomvi nalo.

Nikabonyeza redio kwa mara ya mwisho. Sikutafuta maneno. Nikasema, "Baba. Nashuka."

"Unasemaje?"

"Nashuka. Nakuacha. Ingia ndani."

Na hapo sauti yake ikabadilika. Siwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa kama mtoto aliyeachiwa mkono sokoni. Akasema, "Usishuke." Akasema tena, "Usishuke, nani ataniambia?"

Nikavua hedifoni. Nikamkabidhi msimamizi, mikono yake ikazipokea kabla hajaelewa. Nikageuka nikashika ngazi ile ya chuma, na miguu, miguu yangu ya wodini iliyozoea kusimama siku nzima, ikakataa. Nilishuka nimekaa, ngazi kwa ngazi, kama bibi. Watu kwenye viti walinitazama. Nilimsikia mtangazaji akisema namba ya gari la mume wangu, bendera nyeusi, halina spota, na nikasikia uwanja mzima ukishangaa kwa pamoja, maana jambo hilo halitokei.

Hakutii mzunguko wa kwanza. Gari la kuongoza halikuzima taa, likamsubiri. Mzunguko uliofuata akaingia.

Nilipofika piti alikuwa bado ndani, wavu wa dirishani umefungwa, mikono kwenye usukani. Mafundi hawakunisalimu. Mmoja, ambaye amekula kwangu miaka yote, alinipisha kama unavyompisha mtu anayenuka. Yule wa shati jeupe alikuwa amesimama mbali kidogo, akatazama gari, akatazama saa, akaondoka kuelekea maegesho. Sikumlaumu. Daktari wa uwanja aliinama dirishani, akaongea naye kidogo, na mara ile ile akaita gari la wagonjwa.

Ndani ya gari la wagonjwa mume wangu hakunitazama. Walikuwa wamemvalisha kola ya shingo. Njia nzima mpaka Saint Paul alikuwa anatazama dari, na mimi nilikuwa nashika buti lake, kwa sababu ndiyo sehemu pekee waliyoniachia.

Haikuwa hospitali ninakofanyia kazi, nashukuru. Hapakuwa na mtu wa kuniita kwa jina. Jua lilikuwa bado kali dirishani. Walimpiga picha ya kichwa, wakamrudisha, akaja daktari mmoja, binti mdogo mwenye sauti nzuri, akavuta kiti.

Akamuuliza jina lake. Akataja.

Akamuuliza huu ni mwezi gani. Akasema Machi. Ilikuwa Agosti.

Akamuuliza uko mji gani. Akafikiri sana. Akataja mji wa kusini.

Akampa maneno ya kukumbuka, akamwongelesha kidogo mambo mengine, akayaomba yale maneno. Hakuna hata moja. Mtu aliyekuwa anakariri vipimo vyote, anawafundisha mpaka wenzake! Nilishika reli ya kitanda. Nimewauliza wagonjwa maswali hayo maelfu ya mara, huku nikiwaza nitakula nini nikitoka, na sikuwahi kujua yanasikikaje ukiwa upande huu. Nikawaza nimechelewa. Nilishuka, nikamwaibisha mbele ya watu, nikamnyang'anya pikapu yake, na bado nimechelewa.

"Na huyu," daktari akasema, akinionyesha kwa kalamu, "unamfahamu? Huyu nani?"

Hakuweza kugeuka kwa sababu ya kola. Nikasogea mpaka mbele, mahali anapoona. Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, machoni, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nikaomba Mungu aseme lolote, aseme mke, aseme Mama, aseme hata nesi, asiniite kaka tu.

"Ni yule aliyeshuka," akasema.

Akafumba macho.

Daktari akanitazama kwa huruma. Akasogea karibu, akaniuliza chinichini kama aandike kwamba mgonjwa hakuweza kumtambua mkewe.

"Hapana," nikamwambia. "Andika amejibu sawa."